Ngano Ilitupwa Baharini: Chakula na Afya Katika Safari ya Meli

Andiko la wiki: Matendo ya Mitume 27:27–38. Tafadhali lisome lote kabla hujaendelea.



Kundi letu la pili la safari ya Nyayo za Paulo liko mbioni kujiandaa. Nimeulizwa maswali mengi sana: viza, nguo za kuvaa makanisani Ugiriki, pesa za kubadilisha, kama laini ya simu itashika baharini. Juu ya kula hakuna aliyeuliza, na mimi niliyeenda na kundi la kwanza kama msaidizi wa kiongozi nawaambia swali kubwa la safari ile lilikuwa sahani. Utakuwa siku nne ndani ya meli ya kitalii, bafe iko wazi tangu alfajiri hadi usiku, na kila kitu kimeshalipiwa. Kama huendi, usiiweke karatasi hii kando. Desemba utakuwa hotelini Mombasa, au utakuwa kwenye harusi, na bafe ni bafe.

Sasa tuingie katika andiko. Paulo ni mfungwa ndani ya meli ya Aleksandria inayoelekea Italia. Wamepita Krete, pahali panapoitwa Bandari Nzuri, na dhoruba imewashika. Ndani mna watu 276, na kwa siku 14 hawajala chakula cha maana. Luka ametaja mapema, mstari wa 9, kwamba siku ya kufunga ilikuwa imekwisha kupita. Paulo hakuwaambia waongeze siku za mfungo. Aliwasihi wale, akawaambia chakula ni kwa ajili ya kuokoka kwao. Neno la Kigiriki ambalo Luka ameliweka hapo ni soteria, na ni lile lile ambalo kwingine tunalisoma kama wokovu. Mtumishi wa Mungu anasimama sitahani kwenye upepo, na anatumia neno la wokovu kuzungumzia mkate! Halafu akashukuru mbele ya watu wote, akaumega, akaanza kula yeye mwenyewe. Wengine wote wakapata moyo, wakala.

Angalia mstari wa 38. Wakala wakashiba, kisha wakaipunguzia meli uzito kwa kuitupa ngano baharini.

Hapo ndipo nataka tukae. Mimi nilisomea biashara kabla sijaitwa katika huduma, na mstari huu kila nikiusoma naona hesabu. Ngano ya Misri ndiyo iliyokuwa ikilisha mji wa Roma. Mzigo ule ulikuwa mali ya mtu, umenunuliwa, umepakiwa, na faida yake imeshapangwa. Lakini ulipofika wakati wa kuchagua kati ya mzigo na roho za watu, ngano ilienda majini. Hakuna aliyesema, "Jamani imelipiwa hii, tuimalize kwanza." Walikula kiasi cha kuwapa nguvu ya kazi iliyokuwa mbele yao. Na kazi ilikuwepo kweli, maana saa chache baadaye wanaojua kuogelea waliogelea na wengine wakashikilia mbao hadi nchi kavu, kisiwa cha Melita, ambacho leo tunakiita Malta.

Katika biashara kuna kitu kinaitwa gharama iliyozama. Ni pesa iliyokwisha kutoka mfukoni na hairudi, ufanye unalofanya. Mfanyabiashara mwerevu haiingizi katika uamuzi wa leo. Swali lake huwa: kuanzia sasa, ni nini kitanifaa? Tikiti yako ya meli ni gharama iliyozama. Ukila sahani moja au ukila tano, kampuni ya meli haikurudishii hata shilingi moja. Lakini mle ndani nilisikia wapendwa wakisema, "Pastor, nimelipa pesa nyingi, lazima zirudi." Zirudi wapi? Zinarudi kiunoni, na nyingine zinarudi kliniki.

Tena ujue meli inavyopata pesa yake. Chakula cha bafe kiko ndani ya bei ya tikiti. Faida kubwa inatafutwa kwenye vinywaji, matembezi ya nchi kavu, maduka na kamari. Meza ile imepambwa ili uridhike na urudi tena mwaka kesho, na si dhambi, ni biashara. Wewe kama mteja una haki ya kupita mbele ya meza nzuri ukaipongeza bila kuipakua.

Sisi watu wa kanisani tuna upungufu hapa. Pombe tumeihubiri mpaka yenyewe imechoka kutusikia. Mhudumu wa mvinyo alipopita meza yetu wapendwa walikataa kwa sauti, karibu wamkemee. Dakika tano baadaye zikapita keki na baklava, ile ya njugu iliyoloweshwa kwenye sukari na asali, na hakuna aliyekemea kitu! Mithali 25:16 inatuonya juu ya asali: ukiipata kula ya kukutosha, ukizidisha utaitapika. Suleimani hakukataza asali. Na mimi sikatazi. Bwana wetu mwenyewe alikula karamuni mpaka wapinzani wakamwita mlafi, na divai ya Kana aliitoa yeye. Ukienda Ugiriki ukala kabichi tupu siku nne kwa sababu ya somo hili, utakuwa umenielewa vibaya.

Chakula cha kule kwa kweli ni kizuri, na kingi kinafaa afya. Kuna saladi ya nyanya, tango na vitunguu yenye mafuta ya zeituni, samaki wa kuchoma, dengu, maharage makubwa meupe, mtindi mzito, matikiti. Mtu aliyelelewa kwa sukuma wiki na maharage hatapata shida. Shida iko pale mwanzo wa foleni, ambapo mara nyingi utakutana na mikate, tambi, wali na viazi. Ukibeba sahani mara moja, imeshajaa kabla hujafika kwa samaki. Kwa hiyo zunguka kwanza mikono mitupu. Tazama meza yote, amua vitu viwili vitatu ambavyo hujawahi kuonja na hutavipata Nairobi, halafu ndipo uchukue sahani. Soseji na chipsi ziko hapa nyumbani, hazihitaji viza.

Mwenye presha awe macho na chumvi. Jibini nyeupe ya kule na zeituni zote huhifadhiwa kwa maji ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile ambayo hukuitia wewe. Mwenye sukari naye aangalie glasi zaidi ya sahani. Soda ya nusu lita huwa na karibu gramu 50 za sukari, yaani kama vijiko 12 vya chai. Juisi ya asubuhi haiko mbali sana na hiyo, hata kama imetoka kwa chungwa la kweli. Kunywa maji, kula chungwa lenyewe.

Nitawasimulia jambo moja, na mhusika ameniruhusu mradi nisimtaje jina. Katika kundi la kwanza tulikuwa na mama mmoja wa zaidi ya miaka 60, mwombaji hasa. Alilipia safari kidogo kidogo kwa M-Pesa miaka miwili, na alichotaka kuona ni Efeso, basi. Ana kisukari. Tulipokuwa Athens na Korintho kwa basi aliacha dawa zake, kwa sababu zile tembe humsumbua tumbo na aliogopa kusimamisha gari kila saa. Hakumwambia mtu. Tukapanda meli pale Piraeus, bafe ikafunguka, na kina mama wenzake wakamwambia ale tu kwa imani, chakula kimebarikiwa. Asubuhi ya pili tulipotia nanga Kusadasi, bandari ya kwendea Efeso, alikuwa na kiu isiyokwisha, anaenda haja ndogo mara kwa mara, kichwa kizito. Kipimo kilisoma 19. Daktari wa meli alimwekea maji na insulini na kumtaka asitoke. Nilishinda naye. Jioni kundi lilirudi na picha. Efeso ya yule mama, baada ya miaka miwili ya kulipa, ilikuwa kwenye kioo cha simu, amelala kitandani, akiuliza, "Hapa ndipo Paulo alisimama?" Patmo pia, alasiri hiyo hiyo, ilimpita. Bili ya daktari iliandikwa kwenye akaunti ya chumba chake kwa Euro, na bima ya safari ilirudisha baadaye.

Nimelitafakari sana. Ninaamini Mungu anaponya, nimeona kwa macho yangu, na nitaendelea kuwawekea watu mikono. Lakini kuombea chakula ni kushukuru. Paulo aliposhukuru melini hakuibadilisha ngano ikawa kitu kingine, na iliyobaki ilitupwa ikiwa imeshashukuriwa. Sukari iliyobarikiwa bado ni sukari. Mtu akisema ameponywa, aende kliniki apimwe, daktari ndiye apunguze dawa, na sisi tutapiga vigelegele. Kuacha dawa kimya kimya kwa sababu basi halina choo hakuhitaji imani, kunahitaji kumwambia kiongozi wa kundi ili basi lisimame. Na ninyi wengine, msimlishe mwenzenu kwa maneno ya kiroho.

Kwa hiyo dawa zisafiri kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa katika pakiti zake na barua ya daktari, na uwe nazo za siku za ziada. Insulini usiiweke kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, inaweza kuganda ikaharibika. Jambo la kufurahisha ni kwamba majira ya joto saa ya Ugiriki na Uturuki ni sawa na yetu, kwa hiyo dawa ya saa mbili usiku inabaki saa mbili usiku. Usiruke mlo ili "kuacha nafasi" ya bafe ya jioni. Kwa mtu wa insulini, au wa tembe fulani, kuruka mlo kunaweza kuiangusha sukari ghafla, na hiyo ni hatari kuliko keki.

Mikono sasa. Melini watu wengi wanashika vijiko vile vile na reli zile zile za ngazi, na kuna kirusi kinachoitwa norovirusi ambacho hupenda mahali kama hapo. Huleta kutapika na kuhara, kwa kawaida kati ya saa 12 na 48 baada ya kukipata. Ile jeli ya mkono iliyowekwa mlangoni haikimudu vizuri, sabuni na maji ndiyo dawa. Sisi ni watu wa kusalimiana kwa mikono kila tukikutana, Bwana asifiwe, Amina, hata kwenye foleni ya chakula. Pungeni tu. Na ukianza kuumwa mwambie daktari wa meli mara moja, usijifiche kwa kuogopa kufungiwa chumbani. Ukijificha utaangusha kundi zima.

Kichefuchefu cha mawimbi ni kitu kingine. Hicho kula kidogo kidogo, vitu vikavu, tangawizi husaidia, na ukae katikati ya meli ukitazama upeo wa bahari.

Kisha kuna kutembea, na hii ndiyo kazi iliyo mbele yako, kama vile kuogelea kulivyokuwa mbele ya wale 276. Efeso ni mteremko mrefu wa mawe laini ya marumaru, jua linapiga, hadi ukumbi ule wa kale unaokadiriwa kuchukua watu kama 25,000, ambako kelele za Demetrio na wenzake zilisikika. Patmo ni kilima. Viatu viwe umeshavizoea, hasa wewe mwenye kisukari, maana lengelenge dogo mguuni linaweza kuwa kidonda cha miezi. Beba maji. Melini panda ngazi badala ya lifti kama magoti yanaruhusu, na baada ya chakula cha jioni zungukeni sitaha mkiomba. Kundi la kwanza lilikuwa na wazee watatu waliofanya hivyo kila usiku, na hao ndio walioshuka Efeso wakiimba.

Kuna swali lililokuja kwenye simu yangu: je, mtu anaweza kula apendavyo halafu akirudi afunge siku 21 apunguze mwili? Ndugu yangu, mfungo ni wa kumtafuta Mungu. Ukiutumia kama mizani ya bafe, uite jina lake halisi, usituandikishe kwenye orodha ya waombaji.

Wasafiri wote tukutane Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi, chumba cha shule ya Jumapili. Kila mmoja aje na kadi yake ya kliniki na orodha ya dawa. Dada yetu muuguzi atapima presha na sukari, na kila mwenye dawa atapangiwa mwenzake wa chumba atakayemkumbusha. Yule mama wa kundi la kwanza atakuwepo. Amejiandikisha tena, ameanza kulipa, na ameomba awe yeye wa kukagua pakiti za dawa kabla basi halijaondoka.