MAFUNZO YA KIINGEREZA: MANENO YENYE HERUFI T NA H

Mtu wa Mugutha huzijua herufi t na h zikiwa pamoja kabla hajajifunza hata neno moja la Kiingereza, kwa kuwa zimo katika jina la mahali pake mwenyewe. Akisafiri kwenda Thika azikuta kibaoni, na akielekea Githurai au Githunguri zamngoja huko pia. Kwa hiyo huzihesabu kuwa rafiki zake wa zamani, na hapo ndipo Kiingereza kinapomtega.

Katika Kikuyu herufi hizo zikiungana zina sauti moja tu, nayo ni ile ambayo Kiswahili huiandika kwa dh, kama katika dhahabu na fedha. Tena alfabeti ya Kikuyu haina s. Basi maneno kadha ya kigeni yalipoingia yalivishwa vazi hilo hilo: sabuni ikawa "thabuni", simu ikawa "thimu", na askari akawa "thigari". Mwanafunzi aliyezoea hayo akilikuta neno "thin", maana yake -embamba, hulisoma kana kwamba limeandikwa kwa dh. Mwenzake aliyekwisha kuchekwa kwa kosa hilo hukimbilia s na kusema "sin", ambalo maana yake ni dhambi.

Kosa la ulimi husameheka, lakini la kalamu hubaki. Mfanyakazi wa shamba la kahawa akitaka kumwarifu msimamizi wake kwamba hawezi kufika kazini kwa sababu ya ugonjwa, neno analolihitaji ni "sick". Akiogopa s akaandika "thick", amekiri kwa mkono wake mwenyewe kwamba yeye ni mzito wa akili. Kadhalika barua ya shukrani yataka "thank", wala si "sank", yaani -lizama, wala si "tank", ambalo ni tangi la maji.

Kiingereza kina sauti zote mbili, ile ya thamani na ile ya dhahabu, lakini huziandika kwa namna moja. Hapo kale Waingereza walikuwa na herufi mbili nyingine za kazi hii, nazo ni þ na ð, ambazo watu wa Iceland wanazitumia hata leo. Ila waandishi wa Uingereza walizitumia bila kupambanua sauti hii na ile. Baadaye t na h zilishika mahali pake. William Caxton alipofungua kiwanda chake cha kupiga chapa Westminster mwaka 1476, herufi þ ilikuwa imekwisha kudhoofika, na chapa zilizoletwa kutoka ng'ambo hazikuisaidia. Kwa hiyo Mwingereza aliyekisoma kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959 chenye jina la Thika, naye hajafika Kenya, hakuwa na dalili yo yote ya kumwonyesha jinsi jina hilo litamkwavyo. Katika jambo hili mtu wa pwani amebahatika, maana Kiswahili kina th na dh, kila moja na kazi yake.

Kabla ya kwenda mbele, na msomaji ajipime kwa Kiswahili chake. Akisema "selasini" badala ya thelathini, na "zahabu" badala ya dhahabu, basi aanzie hapo. Ncha ya ulimi huwekwa kati ya meno na pumzi hupulizwa. Kidole kikiwekwa kooni, kwa th koo hutulia, na kwa dh koo hutetemeka.

Sasa maneno yenyewe. Hesabu ni rahisi kuliko yote: "three", "thirteen", "thirty", "thousand", na hata "fourth" na "fifth", zote zina sauti ya thelathini, ambayo yenyewe ni hesabu. Jamaa nao wana dh: "mother", "father", "brother". Maneno madogo ya kuonyesha na kuunganisha, ambayo ndiyo yanayojaza kila ukurasa wa Kiingereza, yana dh pia: "the", "this", "that", "they", "there", "then". Maneno mengine yanayoanza kwa herufi hizo, yaani ya vitu, sifa na vitendo, yana th: "thief" ni mwizi, "thorn" ni mwiba, "think" ni kufikiri. Neno "through" ni dogo, lakini limekataa kukaa na wadogo wenzake, nalo lina th.

Mwishoni mwa neno yafaa kuitazama e. "Bath" na "breath" yana th. "Bathe" na "breathe" yana dh. "North" lina th, lakini "northern" lina dh. Katikati ya neno, kati ya irabu mbili, dh ndiyo ya kawaida, isipokuwa katika maneno ya asili ya Kiyunani au Kilatini kama "method" na "author", na katika neno kama "nothing", ambalo ni maneno mawili yaliyounganishwa.

Tena yako maneno ambayo ndani yake t na h zimesimama jirani tu, bila kuoana. "Pothole", yaani shimo la barabarani, ni "pot" na "hole". "Lighthouse", mnara wa taa, ni "light" na "house". Na katika "Thomas" na "Thames" h haisikiki kabisa.

Kamusi haitoshi kwa kuyatafuta maneno haya, kwa sababu hukusanya pamoja yale tu yanayoanza kwa t na h; yale yenye herufi hizo katikati au mwishoni yametawanyika toka A mpaka Z. Njia iliyo bora ni kuchukua ukurasa mmoja wa gazeti la Kiingereza na kupiga mstari chini ya kila mahali herufi hizo zilipokutana. Kisha maneno yaandikwe katika safu tatu: ya thelathini, ya dhahabu, na ya wasiooana. Safu ya dhahabu kwa kawaida hujaa mbele ya nyingine, kwa kuwa "the" hurudi tena na tena.

Zoezi: Yagawe maneno ya sentensi hii katika safu tatu. "Their father thinks that the pothole north of the path is thirty feet long."

Majibu: Dhahabu: their, father, that, the, the. Thelathini: thinks, north, path, thirty. Wasiooana: pothole.