Senti ya Marekani: angalia A na M kabla hujaitoa

Kama una senti za Marekani zilizobaki mfukoni baada ya safari, zigeuze upande wenye jengo la Lincoln Memorial. Tafuta neno AMERICA. Kwenye senti za kawaida za 1993 hadi 2008, miguu ya A na M karibu inagusana. Ukiona nafasi ya wazi kati ya herufi hizo, na mwaka ni 1998, 1999 au 2000 bila herufi D chini yake, umeshika sarafu inayotafutwa na wakusanyaji. Ya 2000 ndiyo inayoonekana zaidi. Ya 1999 ni adimu kuliko zote tatu.

Chanzo chake ni kiwandani. Marekani ilipiga senti za matumizi hadi 2025, na pia senti maalumu za wakusanyaji, zinazong'aa kama kioo. Za wakusanyaji zilikuwa na A na M zilizoachana. Katika miaka hiyo mitatu mihuri yenye mchoro huo ilitumika kupiga baadhi ya senti za matumizi. Kwa mwaka 1992 mambo ni kinyume: za kawaida zina nafasi pana, na zenye herufi zilizobanana ni chache mno.

Macho matupu hudanganya, kwa hiyo tumia lenzi inayokuza mara 10 na taa ya pembeni. Kisha hakikisha kwa alama ya pili: herufi ndogo FG, za msanii Frank Gasparro, zilizo kulia chini ya jengo. Kwenye senti yenye nafasi pana, FG iko karibu zaidi na jengo. Alama zote mbili zisipokubaliana, usihesabu umepata.

Wapo pia wanaotafuta robo dola za Wisconsin za 2004 zenye D, ambazo baadhi zina jani la ziada kwenye mhindi, na dola ya Sacagawea ya 2000 iliyowekwa kwenye maboksi ya Cheerios, yenye manyoya ya mkia wa tai yaliyochorwa kwa undani zaidi.

Senti za baada ya 1982 ni zinki iliyovikwa shaba nyembamba, nayo shaba hiyo huvimba. Kivimbe si mchoro, hata muuzaji akikisifia vipi. Tena usiisugue sarafu kwa limau, majivu wala dawa ya meno. Ikishasuguliwa thamani yake hushuka na hairudi. Kabla ya kulipia uthibitisho wa wataalamu, linganisha ada yao na bei ambazo sarafu kama yako zimeshauzwa, si bei wanazotaja wauzaji.