Njia ya chuma ya Dilolo

Ukisimama Kolwezi karibu na stesheni, utaona njia ya chuma inayoelekea magharibi, upande jua linapotua. Hiyo ndiyo njia ya Dilolo. Ina umri kuliko mji wenyewe: treni zilianza kupita hapo mwaka 1931, na mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937.

Tazama ramani. Nchi ya shaba iko mbali sana na bahari. Shaba ilipoanza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, ilipelekwa kwa treni kupitia Rhodesia (leo Zambia na Zimbabwe) mpaka bandari ya Beira, safari ya kilometa 2,600 hivi. Lakini upande wa magharibi, katika nchi ya Angola, iko bandari ya Lobito. Hiyo ni karibu zaidi, tena inaelekea Ulaya.

Mwaka 1902 Mskoti mmoja, Robert Williams, alipata ruhusa ya Wareno kujenga njia kutoka Lobito. Kazi ilianza mwaka 1903. Milima ilikuwa mikali, fedha zilipungua, na vita ya 1914 ikaichelewesha kazi. Njia ilifika mpakani mwaka 1929, baada ya kilometa 1,344. Upande wa Kongo wakajenga kilometa 522, toka Tenke hadi Dilolo, na mwaka 1931 njia zikaunganishwa. Jina la Williams limeandikwa vitabuni. Waliobeba mataruma na kupasua miamba walikuwa maelfu, na majina yao hayakuandikwa.

Katika Angola treni nyingi zilichoma kuni badala ya makaa ya mawe. Kampuni ilipanda misitu ya mikalitusi kandokando ya njia, ikakata kuni humo.

Njia hiyo haikubeba shaba tu. Upande wa Dilolo, mahali paitwapo Kisenge, watu walichimba manganezi. Manganezi ni jiwe jeusi na zito. Hutiwa katika chuma ili kiwe kigumu. Hata reli zenyewe zina manganezi ndani yake. Mawe hayo yalipakiwa katika mabehewa, yakaenda Lobito, yakapanda meli.

Mwaka 1975 vita vilianza Angola. Madaraja yalivunjwa, reli ziking'olewa, na mabomu yakafukiwa ardhini kando ya njia. Safari za treni za madini kuvuka mpaka zikavurugika, na hatimaye zikakoma kwa miaka mingi.

Shaba ilipata njia nyingine. Ilipita kusini kwa treni hadi bandari za Afrika Kusini, au ilikwenda Ilebo kwa treni, ikashuka mto kwa mashua hadi Kinshasa, kisha ikapanda treni tena mpaka Matadi. Safari hizo zilikuwa ndefu na za gharama, lakini shaba ina bei kubwa, iliweza kuzilipa. Manganezi ni rahisi. Safari ndefu hula bei yake yote. Basi machimbo ya Kisenge yalisimama. Mawe yaliyokwisha kuchimbwa yalibaki pale katika malundo makubwa, yakinyeshewa mvua mwaka hata mwaka. Mfanyakazi wa Kisenge hakuwa na ugomvi na mtu wa Angola, lakini vita vya jirani vilimwondolea kazi.

Vita vya Angola vilikwisha mwaka 2002. Kwanza ilibidi mabomu yafukuliwe, moja moja, kwa uangalifu. Kisha Wachina wakaijenga njia upya pamoja na Waangola, na mwaka 2015 ikafunguliwa hadi Luau, mpakani karibu na Dilolo. Upande wa Kongo reli zilikuwa zimechakaa, na treni zilikwenda polepole sana.

Mwezi wa tatu mwaka 2018, treni ya kwanza ya madini kutoka Kongo iliingia tena Lobito. Ndani ya mabehewa yake mlikuwa na manganezi.

Maulizo
Kwa nini shaba iliweza kusafiri mbali, na manganezi haikuweza? Onyesha katika ramani Tenke, Kolwezi, Dilolo na Lobito. Mzee gani wa kwenu amepata kusafiri kwa treni ya Dilolo? Mwulize aliona nini njiani.