Ubongo Huchaguaje Vitu Vinapokuwa Vingi?

Swali: Mtu akiwa na vitu vingi vya kuchagua, ubongo wake hufanya nini hadi ufikie kimoja?

Jibu: Kila kitu hupewa thamani kwanza. Kazi hiyo hutegemea sana eneo la mbele la ubongo lililo juu ya macho. Mwaka 2006, Camillo Padoa-Schioppa na John Assad walionyesha kuwa kwa nyani, baadhi ya seli za neva za eneo hilo huchangamka kulingana na thamani ya kinywaji kilichochaguliwa, kiwe cha aina yoyote. Ndiyo maana vitu visivyofanana kabisa huweza kulinganishwa.

Hatua ya pili ni ushindani. Macho yanapohama huku na huku, ushahidi wa kila kitu hujikusanya, na kile kinachofikia kizingiti mapema ndicho hushinda. Kinachotazamwa kwa muda mrefu zaidi hupata nafasi kubwa zaidi, hata kama si bora.

Vitu vikizidi, ulinganishaji huo huweza kuelemewa. Katika jaribio maarufu la Sheena Iyengar na Mark Lepper, lililochapishwa mwaka 2000, takribani asilimia 30 ya wateja waliosimama kwenye meza ya kuonjea jamu za aina 6 walinunua. Kwenye aina 24, asilimia 3 tu. Matokeo hayo yasichukuliwe kuwa kanuni, kwani uchambuzi wa majaribio mengi ya baadaye ulikuta wastani wa athari ya wingi wa vitu ukiwa karibu na sifuri. Anayejua tayari anachopenda hasumbuliwi sana na wingi. Wengine, kama mtafiti Herbert Simon alivyoeleza, huacha kutafuta mara wapatapo kinachotosha.