Kabla ya Kunyosha Mkono: Sinema Nizipendazo na Haki ya Kuzipima



Jumamosi ya mwisho ya muhula huu Chama cha Sinema cha shule yetu kitapiga kura kuchagua filamu bora ya mwaka. Tuzo yetu si ya dhahabu. Ni ng'ombe mdogo wa mti mwenye pembe ndefu, mfano wa ng'ombe wa Ankole, aliyechongwa na mwenzetu wa kidato cha nne. Mwalimu anayetusimamia amenitaka niandike juu ya filamu nizipendazo kabla ya siku hiyo kufika. Nami nimeona vema nianze kwa kuungama kosa langu, maana kosa hilo ndilo lililonifundisha somo ninalotaka kuwapa.

Kwetu ni Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Mwaka jana chama kilishindanisha filamu mbili tu, Nairobi Half Life na Supa Modo. Ya kwanza niliiona. Ya pili ilionyeshwa siku mbili baada ya shule kufunguliwa, nami nilikuwa bado nyumbani, kwa kuwa nauli ya kuja Mbarara ilikuwa haijapatikana. Siku ya kura nilinyosha mkono pamoja na rafiki zangu, nikaipa kura Nairobi Half Life, nayo ikashinda kwa kura moja. Jioni ile kijana mmoja wa kidato cha kwanza akaniuliza kwa adabu, "Kaka, wewe ulilia mahali gani katika Supa Modo?" Nikakosa la kujibu. Kama nisingenyosha mkono, filamu hizo zingelingana.

Usingizi ulinikataa usiku ule. Juma lililofuata nilisimama mbele ya chama nikasema ukweli. Wengine walicheka, wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Ikaamuliwa kwamba filamu zote mbili zirudi mashindanoni mwaka huu pamoja na nyingine tatu.

TUZO KUBWA NA DESTURI ZAKE

Kabla ya kuzitaja filamu zetu, yafaa tujue kidogo habari za tuzo za Oscar, ambazo ndizo chama chetu kimeziiga. Zilitolewa mara ya kwanza tarehe 16 Mei 1929, mjini Los Angeles, katika Hoteli ya Hollywood Roosevelt, na shughuli yenyewe ilichukua muda wa kama robo saa tu. Wapigaji kura ni watu wa kazi hiyo hiyo: waigizaji, waongozaji, wapiga picha, watengenezaji wa sauti na wengineo. Sanamu wanayotoa ina urefu wa sentimita 34 hivi, na uzito wake wakaribia kilo nne.

Liko fungu moja linalotuhusu sana sisi tusemao Kiswahili, nalo ni lile la filamu za kimataifa. Kila nchi huchagua filamu moja tu ikaipeleka, na sehemu kubwa ya mazungumzo yake hapana budi iwe katika lugha isiyokuwa Kiingereza. Katika nyingi zinazopelekwa, hatimaye hubaki tano. Nchi za Afrika zilizowahi kushinda fungu hilo hadi mwaka 2025 ni tatu: Algeria, Kodivaa na Afrika Kusini. Afrika Mashariki ilikuwa bado. Lakini mwigizaji Lupita Nyong'o, Mkenya, alishinda tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike tarehe 2 Machi 2014, na wengi wetu tunamjua pia kwa filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016, inayosimulia habari za msichana wa Kampala aliyeinuliwa na mchezo wa sataranji.

MASWALI MATATU YA KUPIMIA

Mwalimu wetu hutufundisha kuuliza maswali matatu mbele ya kila filamu. Kwanza, je, mtu mkuu wa hadithi mwisho wake ni yule yule wa mwanzo, au amebadilika? Pili, je, iko picha inayosema jambo ambalo maneno hayakulisema? Tatu, je, watu wanaosimuliwa wangeketi wakatazama, wakakubali kwamba ndivyo walivyo? Kwa maswali hayo nimezipanga filamu zangu kutoka chini kwenda juu.

Ya nne ni Vuta N'Kuvute, ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutoka katika riwaya ya Adam Shafi. Tanzania iliipeleka kushindania Oscar za mwaka 2023. Ni habari za Unguja katika miaka ya 1950: kijana Denge anayepigania uhuru, na Yasmin, binti wa Kihindi anayeikimbia ndoa asiyoitaka. Picha zake zapendeza mno, na vichochoro vya Mji Mkongwe usiku nadhani sitavisahau. Kiswahili chake ni kitamu, ingawa sisi tuliozoea Kiswahili cha Kongo ilitupasa kutega masikio sana. Kwa swali la pili yapata alama zote. Lakini mwendo wake ni wa polepole, na asiyesoma kitabu aweza kupotea njiani.

Ya tatu ni Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya ilipeleka kushindania Oscar. Mwas, kijana wa shamba, auza sinema kijijini huku akiziigiza ili kuwavuta wanunuzi. Kisha aenda Nairobi kutafuta kazi ya uigizaji. Siku ya kwanza tu anaporwa kila kitu, na tokea hapo aishi maisha mawili, ya jukwaani na ya wezi. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora huko Durban mwaka huo huo. Bado naipenda filamu hii. Nani kati yetu tuliotoka makazini hajashuka garini Mbarara mara ya kwanza akaushika mfuko wake kwa mikono miwili? Mwaka jana niliipa kura kwa kuwa ilikuwa yangu. Mwaka huu naiweka mahali pake baada ya kuona nyingine.

Ya pili ni Watu Wote, ya mwaka 2017. Ni fupi, dakika 22 tu, na iliongozwa na Katja Benrath, Mjerumani aliyekuwa mwanafunzi huko Hamburg. Mazungumzo yake ni ya Kiswahili na Kisomali. Iliteuliwa kuwa moja ya filamu fupi tano katika Oscar za Machi 2018, ingawa haikushinda. Asili yake ni kisa cha kweli. Tarehe 21 Desemba 2015 majambazi wa al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo akafariki mwezi uliofuata. Huko Nakivale Wasomali na Wakongo huuziana unga na sabuni kila siku, na si mara zote tunaaminiana. Filamu hii niliitazama nikiwa nimeketi kati ya rafiki Msomali na rafiki Mrundi, na ilipokwisha hapana aliyeharakisha kusimama.

NINAYOIPENDA KUPITA ZOTE

Ya kwanza ni ile niliyoinyima haki yake: Supa Modo, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Kenya iliipeleka kushindania Oscar za mwaka 2019. Jo ni mtoto wa kike wa miaka tisa, mgonjwa asiyetarajiwa kupona, apendaye sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake amfanya aamini kwamba naye anazo nguvu hizo, na mwisho kijiji kizima chaingia kazini kumtengenezea filamu yake.

Niliiona kwetu Juru wakati wa likizo, katika kibanda cha video chenye kuta za maturubai. Mwenye kibanda alikubali kuionyesha alasiri moja, ijapokuwa vijana walinung'unika kwa kutaka picha za mapigano. Kibandani mwetu yuko mfasiri ambaye huzisemea filamu za kigeni maneno yake, na kwa kweli huongeza na ya kwake. Siku ile hakuwa na kazi kubwa, kwa kuwa Kiswahili tulikisikia wenyewe. Akaketi chini kama sisi. Mama yangu, ambaye hapendi sinema, aliingia kunitafuta akasimama mlangoni. Hakutoka hata ilipokwisha.

Kesho yake niliwaona watoto wa jirani wamejifunga vitenge shingoni, wakiruka kutoka juu ya kichuguu. Mmoja wao ameshika kipande cha boksi kuwa ndiyo kamera. Nikajibu moyoni lile swali la kijana wa kidato cha kwanza: sikulia wakati wa filamu, nililia pale kwenye kichuguu. Kwa swali la tatu la mwalimu sihitaji ushahidi mwingine.

ILIYOBAKI NA SABABU YAKE

Mtaniuliza, na ya tano? Ni Tembele, iliyoongozwa na Morris Mugisha, filamu ya kwanza ambayo Uganda ilipeleka kushindania Oscar, mwaka 2022. Nasikia wengi wakiisifu. Lakini tutaonyeshwa Ijumaa kabla ya kura, nami sijaiona. Kwa hiyo sikuipa namba. Yaweza kuzipita zote nilizozitaja, na ikiwa hivyo mpango wangu huu nitaufuta bila haya.

Nilifurahi kusikia kwamba hata wakubwa wa Oscar wamejifunza jambo hili. Mwezi Aprili 2025 walitangaza kwamba, kuanzia tuzo za Machi 2026, anayetaka kupiga kura ya mwisho katika fungu lolote sharti awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa katika fungu hilo. Ina maana kwamba hapo awali mtu aliweza kupiga kura kama nilivyopiga mimi.

Katika tangazo hilo hilo mlikuwa na jambo la pili, ambalo nililisoma mara tatu. Nchi inayopeleka filamu ya kimataifa hutakiwa kuthibitisha kwamba walioitawala kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni raia wake au wakaazi wake, na sasa wameongezwa watu wenye hadhi ya ukimbizi au hifadhi katika nchi hiyo. Maana yake ni kwamba kijana wa Juru akitengeneza filamu na wenzake, Uganda iliyompokea yaweza kuichagua. Yule mtoto mwenye kamera ya boksi hajui habari hii. Nimemwandikia kaka yake amwambie.

Ndugu wasomaji, mkimbizi aelewa vema uchungu wa kuhukumiwa na mtu asiyemwona. Mara nyingi nimesikia mtu akisema "watu wa Nakivale wako hivi" naye hajafika hata Base Camp. Nami mwenye kulalamika hivyo niliihukumu kazi ya wenzangu pasipo kuitazama. Basi nawasihi, pendeni filamu mzipendazo kwa nguvu zote, lakini kabla ya kunyosha mkono mtazame zote.

Maswali ya kujadili:
1. Chagua filamu moja uipendayo, uipime kwa maswali matatu yaliyotajwa.
2. Je, filamu iliyoongozwa na mgeni, kama Watu Wote, yaweza kuitwa yetu? Toa sababu.
3. Je, aliyekosa kuona filamu moja kwa shida isiyo yake anyimwe kura? Chama kifanye nini ili asikose?

Kwa hayo naweka kalamu chini. Tuonane Jumamosi.