Kivuli kwenye kioo cha kompyuta

Ndugu mfanyakazi, picha imeondoka lakini kivuli chake kingali kwenye kioo. Si uchawi, wala macho yako si magonjwa. Ndani ya kioo cha LCD mna fuwele za majimaji. Picha moja ikisimama saa nyingi, umeme kidogo hubaki humo na fuwele hazigeuki vizuri. Joto letu la Kalemie huongeza shida.

Hatari iko kazini: kivuli cha namba ya zamani kikichanganyika na kipimo kipya cha hewa mbaya, utasoma uongo. Ukiwa na mashaka, usishuke; omba kipimo kingine.

Dawa: zima kioo usiku mzima, au weka picha zinazotembea. Usikisugue! Na ninyi akina mama, televizyo isikae juani, mwanga upunguzwe. Kivuli kisipotoka siku nyingi, mjulishe mkubwa wa kazi kioo kibadilishwe.