Praha kwa Mwanafunzi Mwafrika wa Berlin: Ijumaa hadi Jumapili

Ukiilinganisha na Paris au London, Praha si ghali. Pesa ya mwanafunzi huko huliwa na uzembe: karatasi pungufu, tiketi isiyogongwa muhuri, fedha zilizobadilishwa kwa pupa.

Hatua ya 1: Karatasi
Beba pasipoti na kadi ya ukaazi, zote halisi. Picha ya kwenye simu haitoshi, na polisi hupanda treni karibu na mpaka. Kibali cha Ujerumani kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya siku 180. Kama kadi imekwisha muda na unasubiri mpya, ulizia kwanza ofisi ya wageni. Chukua pia kadi ya bima ya afya ya umma. Upande wake wa nyuma ndio utakaotibiwa nao Ucheki.

Hatua ya 2: Treni
Treni ya moja kwa moja hupitia Dresden na huchukua zaidi ya saa 4. Kata tiketi mapema, uketi kushoto. Kuanzia Dresden reli inafuata mto Elbe chini ya miamba ya mchanga, kwa hiyo usisinzie.

Hatua ya 3: Fedha
Ucheki hutumia koruna. Maduka ya watalii hupokea euro, lakini kwa kiwango wanachojipangia wenyewe. Mashine ya kutolea pesa ikikuuliza kama ikukate kwa euro, kataa, chagua koruna. Anayekufuata mtaani na noti mkononi mpite kimya. Ukipunjwa kwenye duka la kubadilishia fedha, sheria iliyoanza 2019 inakupa saa 3 za kurudi na risiti na kuvunja biashara hiyo, mradi kiasi hakizidi thamani ya euro 1,000. Watalii wengi hawaijui haki hii.

Hatua ya 4: Tiketi ya mjini
Tiketi ya saa 72 inakutosha hadi Jumapili. Ile ya karatasi igonge mara moja kwenye mashine ya njano. Wakaguzi huvaa nguo za kiraia, na ugeni si utetezi.

Hatua ya 5: Kutembea
Daraja la Charles, lililoanza kujengwa 1357, lifikie saa 12 asubuhi. Kufikia saa 4 ni mabega kwa mabega. Saa ya kale ya 1410 hukusanya umati kwa onyesho fupi mno. Kwangu, kilima cha Letná kinaishinda kwa mbali, na ni bure. Nyama ya kuchoma kwenye uwanja wa ile saa ya kale huandikwa bei ya gramu 100, si ya sahani: uliza uzito kabla haijakatwa.

Usidhani wewe ni Mwafrika wa kwanza kusoma ramani ya mji huu. Kuanzia 1961 hadi 1974 Praha ilikuwa na chuo kikuu cha wanafunzi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, Chuo Kikuu cha 17 Novemba.

Hatua ya 6: Kurudi
Treni za Jumapili jioni hujaa. Lipia kiti mapema, la sivyo utasimama hadi Berlin.